Maua ya harusi kwa simu: kwa nini unafuu wake unapimwa kwa saa, siyo kwa shilingi tu

Siku hizi huhitaji kuzunguka sokoni kutafuta maua ya harusi. Unafungua simu, unaona picha ya asumini nyeupe pee, unaongea na mkulima mwenyewe kwa WhatsApp, unatuma pesa, unasubiri mzigo. Bei inakuwa chini kwa sababu hakuna mchuuzi katikati. Hadi hapo hesabu ni nzuri.

Sasa tuseme harusi iko Kengeja, kusini mwa Pemba, asumini ziko Unguja na mawaridi yako Arusha. Katikati kuna gari, kuna boti ya kwenda Mkoani, kuna jua la gatini. Na kuna jambo moja ambalo wengi tunalisahau: ua likishachumwa bado liko hai. Likifika limekufa, bibi harusi hana kikuba, na pesa hairudi.

Ua linapumua

Ua, kama wewe, linatumia sukari na oksijeni kupata nguvu, na linatoa kaboni dioksidi, maji na joto. Tofauti ni kwamba likishakatwa mtini haliletewi sukari nyingine. Linakula akiba yake. Akiba ikiisha, linasinyaa.

Kasi ya kula akiba hiyo inategemea joto. Kwa makadirio ya kawaida, kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara 2 hadi 3. Hebu tupige hesabu. Waridi limetoka kwenye chumba baridi cha nyuzi 2, limewekwa gatini kwenye nyuzi 32. Hizo ni hatua tatu za nyuzi 10. Mara 2 × 2 × 2 ni 8, na mara 3 × 3 × 3 ni 27. Yaani saa 1 ya jua inakula umri wa ua kama saa 8 hadi 27 za chumba baridi. Boti ikichelewa saa 3 tu, waridi lako limezeeka siku nzima au zaidi ya siku tatu.

Ndiyo maana mashamba makubwa ya Naivasha na Arusha yanaweza kuuza mawaridi Ulaya yakafika mazima. Si kwamba njia ni fupi. Ni kwamba baridi haikatiki njiani, kuanzia shambani, kwenye gari, hadi kwenye ndege. Mzigo wako wa Kengeja una njia fupi zaidi, lakini aghalabu hauna baridi hiyo.

Asumini ina ratiba yake

Mpemba hahitaji kufundishwa kuwa ua huchumwa kabla halijafunguka. Karafuu yenyewe ni tumba. Likichanua, thamani imepotea. Asumini nayo huchumwa ikiwa tumba, ila karafuu tunaianika ikakaa miezi, asumini haina subira hiyo.

Tumba la asumini lililokomaa hufunguka jioni, giza linapoingia, na harufu hupanda wakati huo huo. Maua meupe yanayonukia usiku kwa kawaida hulenga nondo, wadudu wanaoruka gizani. Muhimu kwako ni hili: sehemu kubwa ya harufu haikai tayari ndani ya tumba, hutengenezwa ua linapofunguka, hata baada ya kuchumwa. Watengeneza manukato wa Grasse, Ufaransa, walilijua hilo zamani. Walikuwa wakitandaza asumini juu ya mafuta mazito kwenye vioo, na ua liliendelea kutoa harufu huku mafuta yakiinyonya.

Kwa hiyo usimlaumu mkulima ukipokea tumba zisizonukia mchana. Jiulize mambo mawili. Je, ni nyeupe na zimenenepa? Tumba bichi la kijani likichumwa mapema mara nyingi halifunguki tena. Na je, zimechumwa leo? Za jana zimeshafungukia njiani, zimenukiza boti badala ya ukumbi.

Kwa nini zinageuka rangi

Kata bilinganya uliache kidogo: linageuka hudhurungi. Seli zimepasuka, vitu vilivyokuwa vimetengana ndani yake vimekutana, na oksijeni inamalizia kazi. Petali ya asumini iliyobanwa hufanya vivyo hivyo. Basi mwambie mkulima asijaze mfuko hadi juu. Tabaka jembamba kwenye kapu, ndani ya jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu kidogo, linatosha. Asumini ya kikuba haina kikonyo cha kunywea maji, kwa hiyo kazi yako ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Lakini usiilowanishe chapachapa. Maji yaliyotuama huleta kuoza.

Barafu weka pembeni, imefungwa vizuri, isiguse maua. Ua likiganda, seli hupasuka, na likiyeyuka linakuwa kama mboga iliyopikwa. Na tafadhali, jani la mgomba sawa, lakini ndizi mbivu zisikae kapu moja na maua! Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huharakisha kuzeeka kwa maua mengi.

Mawaridi yakifika, kata kikonyo upya sentimita 2 au 3, ikiwezekana kikiwa ndani ya maji, kisha yaweke kwenye ndoo safi. Hewa iliyoingia kwenye mirija na bakteria wa maji machafu ndio wanaoliziba koo.

Hesabu ya unafuu

Mchuuzi hakulipwi bure. Sehemu ya bei yake ni fidia ya maua yanayomwozea. Ukimruka, unachukua punguzo, na unachukua pia hasara.

Namba hizi ni za mfano tu. Unaagiza tumba 1,000 kwa shilingi 50 kila moja, na nauli ni 20,000. Jumla 70,000. Zikifika zote nzima, kila moja imekugharimu shilingi 70. Zikiharibika 400, zimebaki 600, na kila moja imekuwa karibu shilingi 117. Kama jirani pale kijijini anauza kwa 100, umepata hasara. Mpaka wako ni 700: zikifika nzima pungufu ya hapo, jirani alikuwa rahisi. Weka bei zako mwenyewe, hesabu ni ile ile.

Kabla hujatuma pesa

Panga kwa kurudi nyuma. Bibi harusi atavaa kikuba saa 2 usiku. Asumini zifike kabla ya alasiri. Basi boti ni ya asubuhi, na zichumwe alfajiri ile ile. Kama siku hiyo hakuna boti ya asubuhi, asumini tafuta Pemba, na utakachoagiza mbali kiwe mawaridi, ambayo yakipata baridi na maji yanavumilia siku kadhaa.

Omba picha ya siku hiyo hiyo, kando yake karatasi yenye tarehe. Nunua kwa idadi, au pima tumba 100 ujue uzito wake, maana maua yaliyomwagiwa maji huongeza kilo. Lipa sehemu kwanza, nyingine mzigo ukifika.

Na ukishaagiza, usighairi alfajiri. Mkulima aliyechuma tumba zako hawezi kumuuzia mtu mwingine kesho. Jioni ile ile zitafunguka, harusi iwepo isiwepo.