Gita bila ampli: namna ya kupata ovadraivu nzuri kupitia mikseri ya kanisa

Katika ibada moja ya vijana, mpiga gita wetu aliombwa azime gita lake katikati ya wimbo wa pili. Alikuwa na chombo kipya, sintesaiza ya gita ambayo ndugu mmoja aliye ng'ambo alitutumia. Ampli hatukuwa nayo, kwa hiyo tuliunganisha chombo moja kwa moja kwenye mikseri, na sauti ikatokea kwenye bafle zilezile zinazobeba kwaya na mahubiri. Alipokanyaga kitufe cha ovadraivu, yaani ile sauti ya gita yenye mkwaruzo na moto, ilisikika kama nyuki waliofungwa ndani ya mkebe. Mama mmoja mzee alituambia baadaye: « Wanangu, ile gita yenu inanichoma masikio. Maneno ya wimbo sikuyasikia hata moja. »

Ikawa shida. Wazee walisema huo ni muziki wa dunia. Vijana walisema wazee hawataki kitu kipya. Mpiga gita alikaa nyumbani Jumapili mbili. Sisi tunaoshughulika na vyombo ndio tuliogundua mwishowe kwamba kosa lilikuwa letu: kipimo kimoja ndani ya mashine kilikuwa mahali pabaya. Tunaandika haya kwa sababu tunajua makanisa mengi ya kwetu yanapiga gita bila ampli, na ugomvi kama ule unaweza kuepukwa.

Mkwaruzo unatoka wapi

Sauti ya gita ni wimbi linalopanda na kushuka. Ukiisukuma ndani ya ampli kupita uwezo wake, vilele vya wimbi vinakatwa na kuwa bapa. Hapo zinazaliwa sauti nyingine za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa nguvu hiyo. Hizo ndizo zinazolipa gita ule moto.

Mwanzoni lilikuwa jambo la ajali. Mwaka 1951, huko Memphis, Marekani, wimbo « Rocket 88 » ulirekodiwa kwa ampli ya gita iliyokuwa imeharibika, na watu wakaipenda sauti yake. Kwetu Kongo, magita ya rumba na sebene yamezoea sauti safi, lakini mkwaruzo si mgeni kabisa. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa lilitengeneza mikro za likembe kwa sumaku za vipuri vya gari, likapiga kwa vyombo vya kujitengenezea, na mkwaruzo uliotokea bila kukusudiwa ukawa alama yao duniani.

Kazi ya bafle ya gita

Jambo ambalo hatukulijua ni hili: uzuri wa ovadraivu hautoki kwenye mkwaruzo peke yake, unatoka pia kwenye kile kinachoondolewa baada ya mkwaruzo. Ampli ya gita ina bafle yake, mara nyingi ya inchi 12, isiyo na twita. Bafle hiyo haiwezi kutoa vizuri sauti zilizo juu ya Hezi 5,000 hivi. Basi inafanya kazi ya kichujio cha chai: makapi yanabaki, chai inapita.

Bafle za kanisa zimetengenezwa kwa kazi nyingine. Zina twita, nazo zinatoa sauti hadi Hezi 15,000 na zaidi, ili herufi kama « s » na « t » za mhubiri zisikike wazi. Ukipitisha mkwaruzo humo bila kichujio, makapi yote yanafika masikioni mwa watu. Ndiyo wale nyuki. Tena makapi hayo yanakaa mahali palepale ambapo herufi za maneno zinakaa, na ndiyo maana yule mama hakusikia wimbo.

Kwa hiyo anayeondoa ampli lazima arudishe kazi ya bafle yake kwa njia nyingine.

Namna ya kutengeneza sauti

Kwanza, hakikisha kwamba bafle ya kuigwa imewashwa. Sintesaiza na pedali nyingi za kisasa zina ampli na bafle za kuigwa ndani yake. Katika Roland GR-55, iliyotoka mwaka 2011, kuna kipimo kiitwacho OUTPUT SELECT. Ukiunganisha kwenye mikseri, kiweke kwenye LINE/PHONES. Kikiwekwa kwenye jina la ampli fulani, mashine inadhani kuna ampli halisi mbele yake, nayo inatengeneza sauti kwa ajili ya ampli hiyo. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Dakika moja ilitosha kulirekebisha.

Pili, chagua chanzo sahihi. Sintesaiza ya gita ina mikro maalumu inayosikiliza kila uzi peke yake. Sauti za filimbi, kinanda au fidla zinatokea baada ya mashine kutambua ni noti gani umepiga, na kwenye nyuzi nene utambuzi huo unachelewa kidogo. Usitafute ovadraivu huko. Chukua sauti ya gita la kuigwa, inayotumia mtikisiko wa uzi wenyewe, au mikro ya kawaida ya gita lako. Sauti ya kinanda au fidla ipitie njia yake pembeni, isiingie ndani ya ampli ya kuigwa, la sivyo yote yanakuwa uji.

Tatu, punguza mkwaruzo. Nyumbani, kwa sauti ndogo, mkwaruzo mwingi unapendeza. Kanisani, sauti ikiwa kubwa, mkwaruzo uleule unakuwa ukuta usio na mlango. Sisi tunaanzia theluthi moja ya kipimo, kisha tunaongeza kidogo kidogo.

Nne, kata pande mbili. Kwenye ekualaiza ya mashine, ondoa sauti zilizo chini ya Hezi 100, kwa sababu hapo ni nyumba ya gita la besi na ngoma. Ondoa pia zilizo juu ya Hezi 5,000 au 6,000. Linalobaki katikati ndilo gita. Usifanye kazi hii kwa ekualaiza kubwa ya mikseri inayotawala sauti zote, maana utaiharibu sauti ya mhubiri ili kuponya gita.

Tano, taa nyekundu ya mikseri isiwake. Mkwaruzo utoke kwenye mashine ya gita tu. Mikseri ikizidiwa inatoa mkwaruzo wake, mkali na usio na kichujio chochote.

Sita, mwangwi uwe haba. Nyumba zetu za matofali na mabati zina mwangwi wa kutosha tayari.

Do na sol, do na mi

Waimbaji wanaojua solfa wataelewa jambo hili upesi. Nyuzi zote zikipita pamoja ndani ya mkwaruzo mmoja, zinazaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, na mojawapo ni tofauti ya noti mbili. Piga do ya Hezi 200 na sol ya Hezi 300: tofauti ni 100, nayo ni do ya chini. Inakubaliana na wenzake, na gita linakuwa nene. Lakini piga do ya Hezi 400 na mi yake. Kwa namna gita linavyopangwa, mi hiyo iko karibu na Hezi 504, si 500. Tofauti inakuwa 104, yaani do iliyopotea njia. Hiyo ndiyo sababu akordi kamili ikipigwa kwa mkwaruzo mwingi inasikika kama ugomvi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, piga do na sol tu, ukiwaachia wengine noti ya mi. Kinanda na kwaya wataijaza. Ya pili ni ya wenye sintesaiza: kwa kuwa kila uzi unasikilizwa peke yake, mashine nyingine za aina hii zinaweza kuupa kila uzi mkwaruzo wake. Hapo akordi kamili inabaki safi, ingawa unene wa kuchanganyika unapungua. Tumia kila moja mahali pake.

Wasio na sintesaiza

Gita la kawaida lisichomekwe peke yake kwenye tundu la kawaida la mikseri. Tundu hilo linalemea mikro ya gita, na sauti inakufa. Pitisha kwanza kwenye pedali iliyowashwa, au kwenye kisanduku cha DI, au kwenye tundu la mikseri lililoandikwa Hi-Z. Kama una pedali ya ovadraivu tu isiyo na bafle ya kuigwa, shusha sana kitufe chake cha TONE na uweke mkwaruzo mdogo. Haitakuwa kamili, lakini nyuki watapungua.

Tuangalie umeme pia. Mkwaruzo unakuza kila kelele: ya jenereta, ya inverta ya sola, ya chaja ya simu iliyo karibu. Mpiga gita asimame mbali na vitu hivyo. Waya wa kawaida wa gita usizidi mita 6 hivi. Ikiwa mikseri iko mbali, weka kisanduku cha DI karibu na mpiga gita, kisha tumia waya wa mikro kutoka hapo hadi kwenye mikseri.

Kujaribu kabla ya ibada

Usitengeneze sauti kwa kusikiliza kwenye kaske peke yake. Tengeneza ndani ya kanisa, kwenye bafle zenyewe, kwa nguvu ileile ya ibada, kwaya ikiimba. Mtu mmoja akae benchi la nyuma. Swali lake liwe moja tu: je, maneno ya wimbo yanasikika? Kama hayasikiki, gita lishuke, hata kama sauti yake ni tamu.

Sisi tulimwita yule mama mzee aje siku ya mazoezi. Tulimpigia wimbo uleule, kwa ovadraivu ileile, kipimo kikiwa mahali pake. Aliusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini hatukupiga hivyo siku ile. Hatukuwa na la kumjibu. Jumapili iliyofuata tulienda kwa mpiga gita wetu, tukamwomba msamaha, na akarudi.