Katuni za Zamani: Je, Zinawafaa Watoto Wetu?



Mzazi mmoja wa Sekenke ametuletea swali ambalo, tunaamini, limo katika nyumba nyingi za parokia zetu. Mjomba wa watoto alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na flashi iliyojaa katuni za zamani, zile alizozipenda yeye alipokuwa mdogo. Tangu siku hiyo watoto hawabanduki mbele ya televisheni mpaka betri ya sola iishe. Mama anasema: "Ni za zamani, nadhani hazina ubaya." Je, ni kweli?

Tukumbuke kwamba Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994 tu. Mzazi aliyekulia chini ya mlima Sekenke miaka ile aliona katuni mara chache, tena akiwa amebanana na watoto wa jirani kwenye nyumba yenye jenereta. Zile chache zikabaki moyoni kama pipi ya sikukuu. Ndiyo maana hatuzikagui. Tunazikumbuka tu.

Basi tuzikague. Tom and Jerry ilianza Marekani mwaka 1940. Paka na panya hupigana kwa nyundo na kikaango, na hakuna anayeumia kweli. Mtoto wa miaka mitatu bado hatenganishi vizuri mchezo na ukweli. Anaweza kumpiga mdogo wake kwa mwiko akitazamia ainuke akicheka. Sigara nazo zimo. Mwaka 2006, huko Uingereza, kampuni iliyozirusha ilikubali kukata baadhi ya vipande vya uvutaji baada ya mtazamaji kulalamika. Tena yumo mtumishi wa nyumbani, mwanamke mweusi anayeonekana zaidi miguu kuliko uso, aliyechorwa ili achekwe. Watoto wetu nao watacheka. Hapo mzazi asikae kimya.

Lakini si kila cha zamani ni kibaya. Vipindi vingi vya zamani vilikwenda polepole, na upole huo una faida. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapima watoto 60 wa miaka minne. Waliotazama katuni inayokwenda mbio, kwa dakika 9 tu, walishindwa kutulia na kufikiri kuliko wenzao waliotazama kipindi cha taratibu au waliochora picha.

Kuna pia vipindi vyema ambavyo wakati umevipita. Mwaka 2002 kipindi cha Takalani Sesame cha Afrika Kusini kilimwingiza Kami, kikaragosi wa kike anayeishi na virusi vya UKIMWI. Ilikuwa kazi njema mno: watoto walifundishwa kwamba kucheza na kula na mwenye virusi hakuna hatari. Ila Kami ni yatima wa UKIMWI, na siku zile watoto wengi wenye virusi hawakupata dawa. Mtoto wa leo ambaye yeye au mama yake anaishi na virusi, akitazama bila wa kumweleza, anaweza kudhani kifo kiko mlangoni. Mwambieni kwamba dawa za kufubaza virusi hutolewa bure hapa nchini, na kwamba mtoto anayezimeza kila siku bila kukosa anakua na kusoma kama wenzake.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri.

Kwa mama wa Sekenke tunasema: flashi usiitupe. Jioni moja, watoto wakishalala, kaeni na mjomba mzitazame wenyewe, mfute zisizofaa. Zilizobaki ziwe za mchana, nawe ukiwa karibu, hata kama unapeta uwele, ili uulizwe maswali. Asiyefikisha miaka miwili asiwekwe hapo kabisa. Huyo mpeni sufuria tupu na mwiko, apige ngoma yake.