Usikimbilie Kung'oa Giabox ya Nusu-Otomatiki

Mwenye Volkswagen Beetle au Porsche 911 ya zamani yenye gia za nusu-otomatiki hakosi kupewa ushauri huu: ng'oa mfumo wote, funga giabox ya manyuali, upumzike. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini mara nyingi hukata kiungo kizima. Kinachoharibika kwa kawaida si giabox yenyewe, bali ni vitu vidogo vinavyoihudumia, pamoja na mazoea ya dereva ambaye hakuna aliyemweleza gari lake linavyofanya kazi.

Volkswagen na Porsche zilitoa mifumo hii mwaka 1967. Kwa Beetle sababu ilikuwa wazi: injini yake ya 1500 ilikuwa na nguvu farasi 44 tu, na otomatiki kamili ingekula sehemu kubwa ya nguvu hizo. Kwa hiyo wahandisi waliibakiza giabox ya kawaida, ikiwa na gia tatu za kwenda mbele, wakaondoa pedali ya klachi. Kati ya injini na giabox waliweka konveta inayofanya kazi kwa mafuta, ndiyo inayoliwezesha gari kusimama kwenye taa likiwa ndani ya gia bila kuzimika. Nyuma ya konveta kuna klachi kavu. Dereva akishika liva ya gia, swichi iliyo ndani yake hupitisha umeme, valvu hufunguka, na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini huvuta kiwambo kinachoachanisha klachi. Akiondoa mkono, klachi hushika tena.

Ukishaelewa hivyo, matatizo mengi yanajieleza. Dereva mwenye mazoea ya kuegemeza mkono kwenye liva anaiachanisha klachi bila kujua. Injini hunguruma bure na sahani ya klachi huisha kabla ya wakati wake. Mpira unaopitisha mvuto huo wa hewa ukipasuka, klachi haiachii vizuri na gia hukwaruza zikiingizwa, hapo fundi asiyeujua mfumo huilaumu giabox. Hatari kubwa zaidi ni kwamba hewa inayopenya kwenye ufa huo huingia moja kwa moja kwenye injini, mchanganyiko wa petroli unakuwa hafifu, na joto linapanda. Injini isiyo na rejeta wala maji haina akiba ya kuvumilia joto la namna hiyo. Basi mpira wa bei ndogo unaweza kumpeleka mtu kuchezea kabureta, kisha kufungua giabox, na mwishowe kuua injini, kumbe dawa ilikuwa kuukagua na kuubadilisha.

Wapo watakaosema mfumo huu ni dhaifu. Lakini mwaka huohuo wa 1967, Vic Elford, Hans Herrmann na Jochen Neerpasch walishinda mbio za saa 84 za Marathon de la Route kwenye uwanja wa Nürburgring wakiwa na Porsche 911 R yenye gia hizo. Wengine watasema gari linakuwa zito kuondoka, na haliwashwi kwa kusukumwa. Ni kweli yote mawili. La kwanza ndiyo bei ya kupumzisha mguu wa kushoto, na la pili linataka betri itunzwe. Hoja yenye uzito zaidi ni ya spea, kwa kuwa konveta na sili zake ni adimu. Lakini kubadilisha nako kunadai giabox nyingine, flaiwili, pedali na kebo, na ukimaliza umepoteza kitu ambacho kiwanda hakikitengenezi tena. Konveta ikishakufa na nyingine isipatikane, kubadilisha ni haki ya mwenye gari. Kabla ya hapo, akague mipira yote ya hewa, asafishe swichi ya liva, arekebishe nafasi ya klachi, na ajizoeze kuishika liva wakati wa kubadili gia tu.