Je, Wajua? Waangalizi walionya kabla ya damu kumwagika Zanzibar

Wakazi wa Kipawa, majirani wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, huwaona waangalizi wa kigeni wakiingia nchini kila msimu wa uchaguzi. Je, wajua kwamba wageni hao hawawezi kusimamisha wala kufuta uchaguzi? Huja kwa mwaliko wa nchi mwenyeji, na kazi yao ni kutazama: sanduku lioneshwe kuwa ni tupu, namba za lakiri ziandikwe, kura zihesabiwe mbele ya mawakala, matokeo yabandikwe nje ya kituo. Kisha huandika ripoti.

Neno lao lina uzito pale tu linaposikilizwa. Tarehe 29 Oktoba 2000, waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliona jinsi uchaguzi wa Zanzibar ulivyovurugika, wakataka urudiwe visiwani kote. Ulirudiwa katika majimbo 16 tu. Januari 2001 maandamano ya kuupinga uchaguzi huo yakazimwa kwa risasi, Pemba ikaumia zaidi. Watu wasiopungua 30 walikufa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, safari hii ikawatoa wa kwake! Vyama vya CCM na CUF vilitia saini makubaliano ya amani, Muafaka, Oktoba 2001, karibu mwaka mzima baada ya wito ule wa waangalizi.

Ripoti za waangalizi hutolewa hadharani. Uchaguzi unapokaribia, tuzisome, tuwaulize viongozi wetu ni mapendekezo yapi yametekelezwa.