"Hapa" ni Wapi? Upakiaji wa Moduli za JavaScript kutoka Saraka Nyingine

Neno "hapa" halina mahali maalumu pa kudumu. Maana yake hutegemea alipo msemaji, na ndiyo sababu mwanafunzi anayegeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa hulibadilisha likawa "hapo" au "pale". Suala hilo hilo huwakabili waundaji wa programu za tarakilishi wanaotumia lugha ya JavaScript, na wengi wao hutatizika kwa kutotambua kwamba ni suala la maana.

Lugha hiyo, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka wa 1995, ilipata mfumo rasmi wa moduli mwaka wa 2015. Kabla ya hapo, Node.js, jukwaa lililoanzishwa na Ryan Dahl mwaka wa 2009 ili JavaScript itumike nje ya kivinjari, lilikuwa tayari likipakia moduli kwa amri ya require. Mifumo yote miwili hutumia nukta na mkwaju, yaani "./", kwa maana ya "hapa". (Pengine "humu" lingefaa zaidi, kwa kuwa saraka ina undani.)

Je, hapa pa nani? Katika Node.js kuna faili ambamo amri imeandikwa, na kuna mtumiaji aliyekuwa katika saraka fulani alipoiendesha programu. Amri ya require hufuata faili. Amri za kusoma faili za kawaida, mathalani readFile, humfuata mtumiaji. Kwa hivyo "./" mbili katika mistari inayofuatana huweza kuashiria saraka tofauti kabisa.

Ichukuliwe kwamba programu ya kuhakiki tahajia imo katika saraka ya /zana. Mtafiti anaiendesha akiwa katika /tasnifu, alikoweka faili ya kanuni.js yenye maneno ya Kiamu na Kimvita asiyotaka yaguswe. Programu ikiamriwa require('./kanuni.js'), itaitafuta faili hiyo katika /zana. Isipoipata itakwama, na hiyo ni afadhali. Hatari ni pale ambapo /zana nayo ina faili yenye jina hilo. Faili hiyo itapakiwa bila ilani yoyote, na msamiati wa lahaja utahesabiwa kuwa makosa. Mtafiti huenda asigundue hadi data yake iwe imekwisha kuharibika.

Kuhamisha saraka ya kazi kwa process.chdir hakusaidii, maana require haikumfuata mtumiaji tangu awali. Njia nyepesi ni kuipa require anwani kamili, iliyoundwa kwa path.resolve(process.cwd(), 'kanuni.js'). Huo ndio usemi wa taarifa: mahali pametajwa waziwazi. Hata hivyo, njia hii haifai kwa moduli zinazoitwa kwa jina tupu, kama vile 'kamusi'. Hizo hutafutwa katika saraka za node_modules, kuanzia ilipo faili inayoziita na kupanda hadi kwenye mzizi. Kilichosakiniwa katika /tasnifu hakionekani kutoka /zana. Ndipo createRequire, iliyoongezwa katika toleo la 12.2.0 mwaka wa 2019, inapofaa. createRequire('/tasnifu/kanuni.js') huzalisha require mpya inayonena kana kwamba iko /tasnifu, kwa "./" na kwa majina matupu vilevile. Faili iliyotajwa ni nanga tu. Si lazima iwepo. Nayo moduli itakayopakiwa, ikiwa na "./" yake, itaendelea kurejelea saraka yake yenyewe, mithili ya msemaji aliyenukuliwa ndani ya alama za mtajo.

Katika vivinjari, import hufuata anwani ya moduli ilhali fetch hufuata anwani ya ukurasa. Majina matupu hukataliwa pasipokuwa na ramani ya uagizaji, ambayo Chrome iliikubali mwaka wa 2021 na vivinjari vingine vikuu kufikia 2023.

Ikumbukwe pia kwamba kupakia moduli ni kuiendesha. Programu inayopakia kanuni.js kutoka saraka ya mtu yeyote imempa mtu huyo uwezo wa kuiamrisha tarakilishi. Iwapo kanuni zenyewe ni orodha ya maneno tu, ni heri ziandikwe katika faili ya JSON na kusomwa kama data.