Nani kashika usukani wa mashine?

Msomaji mmoja wa Masimba, kule Kisii, anayefunza vijana tarakilishi, anauliza: je, konsoli ina jina la Kiswahili? Wanafunzi wake, asema, huichanganya na skrini yoyote ile. Kabla ya jina, hebu tuangalie kitu chenyewe.

Seva iliyoko Nairobi hufikiwa kila siku kupitia mtandao. Sasa fundi aliye Masimba akikosea mipangilio ya mtandao ya seva hiyo, basi kajifungia nje. Njia aliyoingilia ndiyo aliyoiziba. Konsoli haitegemei njia hiyo. Ni tundu la mashine yenyewe, na huanza kuzungumza punde tu mashine inapowashwa, kabla hata mfumo endeshi haujaamka. Zamani ilibidi ufunge safari, ukachomeke kebo kwa mkono wako. Ndipo ikaja seva ya konsoli: kifaa kinachokaa chumba kimoja na mashine, kebo ya kila konsoli ikiishia kwake. Fundi huingia humo akiwa mbali, na laini kuu ikikatika, hupitia modemu yenye laini ya simu. Kifaa hicho kinaweza pia kunakili kila inachosema mashine usiku kucha, hata pasipo mtu, hivyo asubuhi utasoma maneno yake ya mwisho kabla haijazima.

Sasa jina. Wapo wanaosema dashibodi. Siafiki. Dashibodi ni ya kutazama mafuta na mwendo, haipindi gari. Mimi napendekeza usukani. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lilianzia chomboni baharini, likapanda gari, na siku hizi wanasiasa ndio wanaolipigania. Halitashindwa kuingia kwenye seva.

Tena linafaa kwa sababu nyingine. Programu ya conserver, kwa mfano, huruhusu mafundi kadhaa kuitazama konsoli moja kwa wakati mmoja, lakini anayeandika ni mmoja tu. Wengine ni abiria. Abiria anaweza hata kuupokonya usukani, na aliyepokonywa huarifiwa papo hapo.

Lakini hatari kubwa, mwalimu, imo katika kitenzi 'kutoka'. Vijana husema "nimetoka" kwa mambo mawili tofauti. Kukata mawasiliano na seva ya usukani hakukuondoi ndani ya mashine. Ukifanya hivyo tu, umeshuka garini injini ikinguruma. Atakayeketi baada yako hataulizwa nywila. Atakuta mamlaka yako yote, na mashine itahesabu kila atakachofanya kuwa chako. Wafunze vitenzi viwili, kwa mpangilio huu: kujitoa kwenye mashine, kisha kuachia usukani.