Si Kila Kijani ni Malisho

"Mwanangu, hicho kijani ni cha nini?"

Mzee mmoja msimamizi wa malisho aliuliza hivyo upande wa Kinna, Isiolo, baada ya kijana kumnyooshea simu yenye picha ya bonde la Ewaso Ng'iro. Ilikuwa bona, yaani kiangazi, mvua fupi za hagaya zimekwisha na mvua ndefu za ganna bado ziko mbali. Katikati ya rangi ya udongo kulikuwa na ukanda wa kijani ukielekea Merti. Kijana aliona malisho. Mzee alitaka jina la mmea.

Kazi yangu ni ikolojia ya nyanda za malisho, na sijasikia swali zuri kuliko hilo kuhusu picha za setilaiti.

Wengi wakiambiwa kwamba simu inaweza kuwasaidia kutunza mazingira, hufikiria taka za plastiki au idadi ya miche waliyopanda. Mambo hayo yana maana yake. Lakini hapa Isiolo, uamuzi unaogusa ardhi kuliko mwingine wowote ni lini mifugo ihame, na ihamie wapi. Nyasi za kudumu hujiwekea akiba mizizini wakati wa mvua. Zikiliwa kila zinapochipua, akiba hiyo huisha, shina hufa na udongo hubaki uchi ukisubiri upepo. Ndiyo maana dedha, utaratibu wa Waborana wa kusimamia malisho, hutenga eneo la msimu wa mvua, eneo la kiangazi na eneo la akiba la miaka ya ukame, na kila kisima kina aba herega anayepanga zamu za kunywesha. Anayeingia eneo la kiangazi wakati mvua bado inanyesha anakula chakula cha kesho, chake na cha jirani. Simu ina kazi katika utaratibu huu, mradi tujue inaona nini.

Jani hai humeza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Setilaiti hupima vyote viwili. Pengo kati yake likiwa kubwa, pana majani mengi yenye nguvu. Likiwa dogo, pana udongo au nyasi zilizokauka. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha ambayo kila nukta yake hufunika mita 10 kwa 10, na hupita juu ya mahali pamoja takriban kila baada ya siku 5. Picha hizo ni za bure. Kinachogharimu ni bando tu.

Asiyetaka kuhangaika na picha ghafi asome taarifa ya ukame ambayo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, huitoa kila mwezi kwa kila moja ya kaunti 23 kame na nusu kame, na kuiweka kwenye tovuti yake. Humo mna kipimo kiitwacho VCI. Hakisemi mahali pana kijani kiasi gani. Husema kijani cha leo kimesimama wapi kati ya kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa kilichowahi kurekodiwa mahali hapo, wakati kama huo wa mwaka. Sericho hailinganishwi na mashamba ya Meru. Sericho inalinganishwa na Sericho. Alama zikizidi 50, hali ni njema kuliko kawaida. Kati ya 35 na 50 ni kawaida. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, 10 hadi 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Nawasihi vijana wasiishie kwenye wastani wa kaunti. Waangalie Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini kila moja peke yake, kisha wageuze kurasa hadi kwenye bei ya mbuzi, maziwa na umbali wa maji. Takwimu hizo hukusanywa na watu vijijini, na mara nyingi husema jambo ambalo setilaiti haikuliona.

Sasa turudi kwa mzee. Mathenge, mti uliotoka bara la Amerika na kupandwa katika maeneo kame ya Kenya ili kuzuia jangwa, ulitangazwa kuwa mmea hatari nchini mwaka 2008. Mizizi yake huzama mbali, majani hubaki mabichi kiangazi kizima, na nyasi zilizo chini yake hufifia. Kuna pia mgunga ambao Wasamburu huuita lchurai. Huo ni wa kwetu tangu zamani, ila husambaa pale ardhi ilipochoka na kuacha chini yake udongo mtupu. Yote miwili, setilaiti huipa alama nzuri. Kwa hiyo VCI inaweza kupanda mahali ambapo ng'ombe anakonda, na asiyelijua hili atahamisha kundi siku tatu kwenda kula miiba.

Dawa ya kasoro hii Isiolo ilikwisha kuionja. Katika muongo uliopita, wafugaji wa dedha mbalimbali walichora kwanza ramani zao wenyewe, kisha wakaketi mbele ya picha za setilaiti zilizomulikwa ukutani na kuonyesha kisima hiki, lugga ile (mkondo wa mto wa msimu), njia ya mifugo, mpaka wa malisho ya akiba. Waliyoyaonyesha yaliingizwa kwenye ramani za kidijitali, na mwaka 2015 yakatoka kama atlasi ya rasilimali za kaunti. Kilichonigusa ni kwamba haikuwa orodha ya mahali tu. Ilibeba pia sifa: maji haya ni ya chumvi au matamu, malisho haya ni ya msimu gani. Picha ya angani ikiwekwa juu ya ramani ya namna hiyo huanza kujibu swali la mzee.

Nzige nao walitufundisha kwamba habari zapaswa kwenda pande zote mbili. Makundi yao yaliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 na kufika hadi huku. Mwaka 2020 shirika la FAO na wataalamu wa PlantVillage walitoa programu ya simu, eLocust3m, ambayo yeyote aliyeona nzige angeitumia kupeleka picha pamoja na mahali penyewe. Thamani yake ilikuwa katika saa. Nzige hulala mitini usiku na hawaruki mpaka jua liwapashe joto, hivyo taarifa ya jioni ilikuwa na maana kubwa kwa rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa asubuhi.

Jambo moja bado linanikosesha usingizi. Ramani ya wazi haina mlango. Ukiweka mtandaoni kwamba malisho ya akiba yamenawiri, umewaambia watu wote, wakiwemo wasiofungwa na sheria za dedha. Kwa maoni yangu, visima vya umma na njia za mifugo viwekwe wazi, lakini hali ya malisho ya akiba ibaki mikononi mwa wazee, waamue wao nani ajulishwe.

Siku ile pale Kinna, mzee hakuikataa simu. Aliagiza vijana wawili waende aburu, yaani kupeleleza malisho, kwa pikipiki, na simu waende nayo. Walirudi siku ya tatu. Sehemu kubwa ya ule ukanda ilikuwa mathenge. Lakini kwenye lugga moja pembeni, ambako picha ilionyesha kijani hafifu tu, walikuta nyasi zimesimama hadi magotini, wakahifadhi mahali hapo kwenye simu. Mzee aliuliza maji yako umbali gani na nani amekwisha kutangulia. Kisha wakaanza kuhesabu ng'ombe wenye ndama.